Lebo za chupa kwa bia ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye send-off ya mdogo wangu, Moshi, nilipeleka chupa arobaini za bia niliyoipika mwenyewe kwa shayiri na ulezi kidogo. Kila chupa ilikuwa na lebo yenye majina ya maharusi. Zilipendeza sana pale mezani nyumbani. Ukumbini zikaingizwa kwenye ndoo za barafu, na baada ya nusu saa mama mkubwa akatoa yake, akaiweka juu ya kitambaa cheupe. Alipoinyanyua, kitambaa kilibaki na duara la bluu. Majina ya maharusi hayakusomeka tena. Bia ilisifiwa, lakini mimi usiku ule niliumia, maana lebo ile niliikesha siku tatu.

Kosa halikuwa kwenye mchoro. Lilikuwa kwenye wino na karatasi, vitu ambavyo sikuuliza hata swali moja wakati wa kulipia. Tangu hapo lebo naipima kwa maji mawili: maji ya barafu siku ya kunywa, na maji ya moto siku ya kuosha chupa. Ya kwanza lazima iyashinde. Ya pili lazima ikubali kutoka, kwa sababu sisi tunaopika nyumbani chupa tunazirudia, na hakuna kazi inayochosha kama kukwangua mabaki ya stika kwa kisu. Mpangilio huu umefuata mambo hayo mawili, na bei nimeiweka nyuma yake.

Namba moja: stika ya plastiki iliyochapwa kwa leza

Kama chupa itatoka nje ya nyumba yako, nunua hii. Ni plastiki nyembamba nyeupe yenye gundi nyuma, na maduka mengi ya uchapaji, Kariakoo na kwingineko, wanayo, ya kung'aa na isiyong'aa. Wino wa leza ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kuganda juu ya stika. Si maji, kwa hiyo barafu haina cha kuuyeyushia. Na plastiki yenyewe hainyonyi unyevu, hailegei wala haivimbi pembeni.

Sifa yake ya pili watu huisahau: inabanduka nzima. Jaza chupa maji ya moto, subiri gundi ilainike, vuta kona taratibu, itakuja kipande kimoja. Gundi kidogo inayobaki isugue kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni.

Mimi huchukua isiyong'aa. Haiakisi taa za ukumbini, jina linasomeka kutoka upande wowote, na kalamu ya maka inashika vizuri ukitaka kuandika tarehe.

Onyo moja: usishawishike na stika ya uwazi, ile inayoonyesha kioo, kwa chupa ya kahawia. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Rangi zinakaa juu ya kioo cheusi bila kitu cheupe chini yake, na njano yako inageuka matope. Kama duka halina mashine yenye wino mweupe, iache.

Sasa suala la bei, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usiulize bei ya stika moja. Uliza bei ya shiti la A3, halafu piga hesabu mwenyewe. A3 ni milimita 297 kwa 420. Ukiacha milimita 5 kila upande ambazo printa haizifikii, unabaki na 287 kwa 410. Lebo yenye upana wa 95 na kimo cha 85, ukiiongezea milimita 3 kila ukingo kwa ajili ya kisu, inakuwa 101 kwa 91. Ukizigeuza, ule upande wa 91 ukae kwenye 287, kwenye shiti zinaingia 12, yaani 3 kwa 4. Ukiipanua lebo kidogo tu, ikawa 100 kwa 90 kabla ya kuongeza za kisu, zinaingia 8. Yaani kwa milimita tano ambazo hakuna mgeni atakayeziona, chupa mia zinakuhitaji mashiti 13 badala ya 9. Chora kwanza mstatili, hesabu, ndipo uanze kupamba.

Namba mbili: karatasi ya kawaida, leza, na maziwa

Kwa bia ya kunywea nyumbani, hii ndiyo ninayoitumia wiki hadi wiki, na kwa roho yangu ningeiweka ya kwanza kama si zile ndoo za barafu. Chapa lebo kwenye karatasi ya kawaida ya A4 kwa printa ya leza, kata kwa rula na wembe, kisha gundisha kwa maziwa. Ndiyo, maziwa ya kunywa. Ndani yake mna protini iitwayo keseini, na gundi ya keseini imetumika viwandani kubandikia lebo za bia kwa miaka mingi, kwa sababu inavumilia ubaridi na inaachia chupa inapooshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali.

Mimina vijiko viwili vya maziwa kwenye kisosi. Lebo ilaze kifudifudi, ipake kwa brashi tabaka jembamba hadi pembeni, iweke kwenye chupa kavu, kisha ipitishie kitambaa kutoka katikati kwenda nje ili maziwa ya ziada yatoke. Hayo ya ziada yafute vizuri, maana ndiyo yanayoleta harufu. Lebo ikikauka hainuki kabisa. Ipe saa moja au mbili kabla ya kuigusa.

Kwenye friji inakaa bila shida, hata chupa ikitoka jasho. Ukiizamisha kwenye barafu iliyoyeyuka kwa saa nzima, karatasi italowa na kukunjamana, ingawa maandishi hayatachuruzika. Siku ya kuosha, loweka chupa kwenye maji ya moto yenye kijiko cha magadi. Lebo itaelea juu yenyewe, na kioo kitabaki kisafi kama kipya.

Namba tatu: kadi ya shingoni

Kadi ndogo ya karatasi nene, tundu moja, uzi wa katani au utepe, inaning'inia shingoni mwa chupa. Haina gundi, kwa hiyo hakuna cha kukwangua. Kwa zawadi ya chupa mbili tatu, au Krismasi watu wanaporudi nyumbani na unataka kila mmoja apate chupa yenye jina lake, hakuna kinachoizidi kwa uzuri. Kwa barafu haifai, na chupa hamsini zitakumaliza vidole kwa kufunga mafundo.

Namba nne: stika ya karatasi

Hii ndiyo dukani watakayokupa usipotaja unachotaka, kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana. Ikichapwa kwa leza wino hautoki, lakini karatasi hunyonya maji pembeni na kuanza kuinuka. Watakuambia wataifunika kwa laminesheni, yaani utando wa plastiki. Inasaidia juu tu. Maji huingia kupitia ukingo uliokatwa, na ukingo huo haujafunikwa. Kubandua ndiyo adhabu kamili: tabaka la juu linatoka, la chini linabaki limeng'ang'ania kioo. Bei yake na ile ya plastiki ukizilinganisha kwa shiti, ongeza hiyo tofauti ununue plastiki.

Za kuacha

Chochote kilichochapwa kwa printa ya wino wa maji bila kinga. Ndiyo iliyonitia aibu ukumbini. Kama ndiyo printa pekee uliyonayo nyumbani, chora hapo, jaribu hapo, halafu faili lako lipeleke kwenye leza.

Kuchapa moja kwa moja kwenye kioo nako kunapendeza kwa macho, ila kunaifunga chupa na jina moja maisha yake yote, na gharama ya kuandaa mashine hailipi kwa chupa chache. Waachie wenye viwanda.

Kabla ya kwenda dukani na faili

Pima chupa yako, usipime ya kwenye mtandao. Zungusha ukanda wa karatasi kiunoni mwa chupa, weka alama ncha zake zinapokutana, upime kwa rula. Kisha pima kimo kutoka chini hadi pale bega linapoanza kujikunja, utoe sentimita moja juu na moja chini. Lebo ikigusa bega tu, itakunjamana, na hakuna gundi itakayoinyoosha. Upana usizidi nusu ya mzunguko, la sivyo jina litazunguka hadi nyuma na msomaji ataona nusu ya neno.

Kuhusu mchoro nina jambo moja tu ninalolisisitiza: umbo moja, jina moja. Alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, ilikuwa ya bia ya Bass, na ilikuwa pembetatu nyekundu, basi. Mtu aliweza kuijua chupa kutoka upande wa pili wa chumba. Chapa lebo yako kwa rangi nyeusi tupu, ibandike kwa selotepu, weka chupa kabatini, usogee hatua tano nyuma. Usiposoma jina, ongeza ukubwa wa herufi au toa mapambo. Ukitumia Canva, ile programu ya kuchorea mtandaoni, pakua PDF ya kuchapishia, usipeleke picha iliyopitia WhatsApp, kwa sababu njiani hubanwa na herufi ndogo hutoka na ukungu.

Acha kisanduku cheupe kitupu sehemu ya chini. Hapo utaandika kwa mkono tarehe ya kutia chupani, namba ya mapishi na kiwango cha kilevi. Kwa kisanduku hicho unaagiza lebo mia mbili kwa mkupuo na kuzitumia kwa mapishi yote ya mwaka. Kilevi chenyewe usikikisie: toa kipimo cha mwisho cha haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji) kwenye kile cha mwanzo, zidisha kwa 131.25. Bia iliyoanza na 1.050 ikaishia 1.010 ina asilimia 5.25 hivi. Mgeni ana haki ya kujua anachokunywa, hasa anayeendesha gari.

Haya yote ni kwa bia ya nyumbani na ya zawadi. Siku utakayoanza kuuza, lebo inakuwa hati. Tanzania utahitaji leseni na kibali cha TBS, shirika la viwango, na TRA, mamlaka ya mapato, wana stempu zao za kielektroniki kwa vileo tangu 2019. Lebo itabidi itaje jina la bidhaa, viungo, ujazo, kilevi, mtengenezaji na anwani yake, namba ya toleo na tarehe. Maduka makubwa yatadai na bakodi, ambayo kwa kampuni iliyosajiliwa GS1 Tanzania, wanaotoa namba za bakodi, huanza na 620. Nenda TBS na rasimu mkononi kabla ya kuchapa hata shiti moja, kwa sababu neno moja likikosekana unatupa mzigo mzima.

Na kabla ya kulipia oda, mwombe fundi akuchapie stika moja tu kwenye malighafi ileile atakayotumia. Ibandike kwenye chupa kavu isiyo na ubaridi, iache ishike usiku kucha, kisha izamishe kwenye ndoo ya maji na barafu kwa saa tatu. Itoe, isugue kwa kidole gumba kwa nguvu, kwanza kwenye herufi, halafu kwenye kona. Kidole kikitoka safi na kona haijainuka, rudi ukalipe.