Sufuria ya krofishi tuliyoahidiwa haina nguruwe

Kama wewe ni Mwislamu, au una mgeni Mwislamu, usimkodi mpishi huyu. Naanza na hilo ili anayesoma juu juu asilikose.

Mtaa wetu hapa Houston kila mwaka, baridi ikishaisha, hufunga barabara alasiri moja watu wakachemsha krofishi pamoja. Miaka minne tumekaa hapa, hatujawahi kwenda. Safari hii tulikwenda kwa ajili ya mama, aliyekuwa amekuja kututazama kutoka Mombasa. Zilikuwa wiki chache baada ya Idi. Nilimweleza kuwa ni kamba wadogo wa maji baridi, wanafugwa Louisiana kwenye mashamba ya mpunga yaliyojazwa maji, na kwamba hata Ziwa Naivasha wapo tangu walipoingizwa mwaka 1970. Akasema, "Wa Naivasha sikuwala, nipeleke nikawale wa huku."

Majirani huchanga pesa wakamwita mpishi anayekuja na gari lake, jiko la gesi na masufuria. Siku kadhaa kabla nilimpigia simu mwenyewe. Nilimwambia wazi: sisi hatuli nguruwe, na nimesikia watu hutia soseji humo. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, zitakuwa sufuria mbili, na moja haitaingia soseji hata kipande. Nikalipa watu watano, dola 25 kila mmoja, watoto bei ile ile ya wakubwa.

Tulipofika nilifurahi, sitasema uongo. Magunia ya wavu yalikuwa yamejaa krofishi wazima wanaotambaliana, watoto wamechuchumaa wanawachokoza kwa vijiti. Mpishi alituita tuone. Viazi vinatangulia, pamoja na limau na vitunguu saumu vizima, kisha mahindi, kisha krofishi wenyewe ndani ya kikapu. Maji yakishachemka tena ni dakika chache tu, moto unazimwa, wanaachwa humo karibu nusu saa. "Siri si moto," akasema, "siri ni kulowa. Moto ukizimwa ndipo supu inapoingia ndani ya gamba." Nikamfasiria mama, naye akaitikia kwa kichwa. "Kama achari," akasema. "Achari nayo ni kukaa."

Likumbukeni neno hilo la kulowa.

Kikapu chetu kilimwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, mvuke ukapanda, kila kitu chekundu. Mama hakungoja kufundishwa. Alishika kichwa kwa mkono mmoja, akauzungusha mkia kwa mwingine, akavuta, nyama ikatoka nzima. Alikuwa bado ameishika kati ya vidole viwili mwanangu mdogo aliposema, "Baba, hii nini?" Nikapekua chini ya viazi. Vipande vya soseji vimekatwa mshazari, tele, huwezi kusema ni kimoja kilichoponyoka kwa bahati mbaya. Watoto walikuwa wameshakula. Mama aliirudisha ile nyama juu ya gazeti polepole, akaniomba maji, akanawa mpaka viwiko.

Nilimfuata mpishi kwa adabu. Akasema soseji zilimzidi, akaona azitie tu kuliko zipotee. "Zitoeni pembeni," akasema, "krofishi hawajaguswa."

Hawajaguswa! Nusu saa kabla alinieleza yeye mwenyewe, kwa fahari, kwamba supu inaingia mpaka ndani ya gamba. Limau imeingia, vitunguu saumu vimeingia, pilipili imeingia, basi na mafuta ya nguruwe yameingia. Hakuna cha kutoa pembeni hapo. Anaijua kazi yake kuliko mimi, kwa hiyo alijua anasema uongo. Nikamdai pesa zangu. Akacheka, akasema tulijua tunakuja kwenye karamu ya namna gani, kisha akampungia mama ule mwiko wake mrefu kama anayefukuza kuku penye mchele. Supu ikamdondokea mama kwenye leso. Mama hajui Kiingereza, lakini mkono ule aliuelewa.

Tulikuwa tunaondoka jirani wa nyumba ya pili akatuzuia, mzee Mkatoliki aliyezaliwa Lafayette, hukohuko Louisiana. Alikuwa amekasirika kuliko mimi. Alisema kwao Ijumaa za Kwaresima krofishi huchemshwa bila nyama yoyote, na aliyekulia kazi hii hawezi kusema hajui. Alikuwa na nusu gunia gerejini kwake. Mke wangu akaleta sufuria yetu ya pilau, mama akawaosha krofishi maji baada ya maji mpaka yakatoka safi, akatia tangawizi, ndimu na pilipili alivyotaka. Mzee alitia chumvi tu, akakaa akitazama. Tulikula mpaka magharibi. Utamu wake uko karibu na kamba wa pwani ila nyama ni laini zaidi, na kichwani mna mafuta ya manjano ambayo watu huyafyonza. Mama alifyonza bila kuambiwa na mtu.

Nilipokaa kuandika nilitaka kusema familia kama yetu zisihudhurie kabisa karamu hizi. Naona si haki. Nendeni, ila bebeni sufuria yenu. Na hata mpishi, meza nyingine walimsifu, viungo vyake vilinukia vizuri, pengine siku ile alichoka. Nikawa nakaribia kumpa nyota tatu.

Lakini nimerudi kumwandikia ujumbe kuomba tu akiri alichoahidi, na jibu limekuja sasa hivi: hakuahidi chochote, na sisi ni watu wa kutafuta vya bure. Tulilipa! Watoto wangu wamelishwa nguruwe na mtu aliyeniambia nisiwe na wasiwasi! Nyota moja.

Mama amesharudi Mombasa. Zile dola 125 sizitaki tena. Nataka ampigie mama simu amwombe radhi. Nambari ninayo, na nitafasiri mimi.