Vetiva au Gabioni kwa Kiwanja cha Mteremko

Mwenye kiwanja cha mteremko anapofyeka vichaka ili ajenge, tuseme pembezoni mwa Dar es Salaam ambako udongo wa kichanga huchukuliwa na mvua kwa urahisi, njia mbili hutajwa mara nyingi: kupanda nyasi za vetiva au kupanga gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe.

Gabioni huanza kazi siku ile ile inapokamilika, na kwa kuwa maji hupenya katikati ya mawe, haisukumwi na maji yaliyotuama nyuma yake kama ukuta wa zege usio na matundu. Lakini mawe na usafirishaji wake ni ghali, na fundi akisahau kitambaa cha kuchujia nyuma ya mawe, udongo huendelea kutoroka kimyakimya.

Vetiva ni nafuu mno. Miche hupandwa kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, katika mistari inayokingama mteremko. Mizizi yake, inayoweza kushuka wima hadi mita 3 hivi, huushona udongo, huku mashina yaliyosongamana yakipunguza kasi ya maji na kunasa tope. Kasoro yake ni muda: huhitaji miezi kadhaa kushika, kwa hiyo anayefyeka mwezi Machi, masika yakibisha hodi, amekwisha kuchelewa.

Binafsi ningeweka gabioni pale tu maji yanapokusanyika kwa nguvu. Kwenye mpaka wa chini ningepanda vetiva wakati wa vuli, kabla tingatinga halijaingia. Kwa vyovyote vile, mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa kiwanja huchimbwa kwanza.