Uzoefu wangu: "Kwani si katuni tu hizo, dada?"

Nilijiambia nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika nayo.

Wiki kadhaa zilizopita nililipia kifurushi cha mwezi kwenye programu moja ya kuangalia anime, yaani katuni za Kijapani. Nililipa kwa simu, ujumbe wa muamala ukaingia, nikajua mambo yameisha. Nilichokuwa nakitaka humo ni kitu kimoja tu: kuangalia Rascal Does Not Dream of Bunny Girl Senpai na mdogo wangu wa kidato cha pili. Ni anime ya mwaka 2018, ina sehemu 13. Kama hujaiona, jua kwamba nitatoboa mwisho wake, maana bila mwisho huo huwezi kuelewa kwa nini nimekasirika hivi.

Kwanza niseme ukweli, niliikwepa kwa muda mrefu. Jina lake na lile bango la msichana wa sekondari aliyevaa vazi la sungura la kwenye kumbi za starehe vilinitosha. Nikasema hii si ya kuangalia sebuleni huku mama anapita na ungo wa mchele. Mwenzangu kazini ndiye aliyenishikia bango wiki nzima: angalia sehemu tatu za mwanzo, halafu uje uniambie. Nikaangalia peke yangu usiku, nikamaliza ya tatu nimekaa kitako kitandani.

Kumbe lile vazi ni kilio cha mtu. Mai Sakurajima ni mwigizaji tangu utotoni, amesimamisha kazi, na shuleni wote wamezoea kumpita kama nguzo. Ghafla watu wanaacha kumwona kabisa. Anaingia maktaba akiwa amevaa vile ili ajue kama kuna hata mmoja atakayegeuza shingo, na anayegeuza ni mmoja tu, Sakuta Azusagawa, mvulana wa shule yake. Wajapani wana msemo wa "kusoma hewa", yaani kuhisi wenzako wanataka nini na kufuata mkumbo bila kuambiwa. Hewa ya shule hiyo imeamua Mai hayupo, basi kweli anatoweka. Kumrudisha, Sakuta anatoka nje katikati ya mtihani, anasimama uwanjani na kupiga kelele kwamba anampenda, shule nzima ikimtazama madirishani. Nilimwonea aibu mpaka nikafunika uso, na papo hapo nikatamani ningewahi kuwa na mtu wa kunifanyia hivyo nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Humo ndani jambo hili lina jina lake, ni ugonjwa wa umri wa kubalehe: jeraha la moyoni la kijana linatoka nje na kuonekana kwa macho. Tomoe Koga, mwanafunzi mwingine wa hapo, anaogopa kutengwa na rafiki zake kwa sababu ya mvulana, basi tarehe 27 Juni inakuwa inajirudia. Futaba, rafiki yake Sakuta anayependa sayansi, anauchukia mwili wake mpaka anagawanyika wawili. Nodoka na dada yake Mai wanabadilishana miili, kila mmoja anaonja maisha aliyokuwa akimwonea mwenzake wivu. Hapo mdogo wangu alicheka sana. Mimi nilichoka kidogo na zile hotuba za fizikia za Futaba, na mizaha mingine ya Sakuta kwa wasichana ilinikera, nisiwafiche. Kama ingeishia sehemu ya 10 ningeipa nyota tatu na kuendelea na shughuli zangu.

Lakini inafika kwa Kaede.

Kaede ni mdogo wake Sakuta. Wenzake wa shule walimsakama mtandaoni, na kila tusi alilosoma likafunguka mwilini kama jeraha, bila mkono wa mtu kumgusa. Mama yao alishindwa kuubeba mzigo ule, akaugua. Sakuta alitupa simu yake baharini. Sasa ndugu hao wanaishi wawili tu katika mji wa Fujisawa, na Kaede hatoki nje. Mlio wa simu peke yake unamtetemesha.

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, amejifunika kanga magoti yote mawili, simu yangu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kaede aliposema anataka kurudi shule, akafungua daftari na kuandika malengo yake moja baada ya jingine, mdogo wangu aliacha kung'ata kucha. Sikumwangalia moja kwa moja, nilimwona kwa pembe ya jicho. Kuna grupu la darasa kwenye simu ambamo walimsakama mwaka jana, na tangu hapo kila Jumatatu tumbo linamuuma.

Kaede anafika ufukweni. Anapelekwa kuona panda, kaka yake anamkatia tiketi ya mwaka mzima ili awe na sababu ya kutoka tena. Shule mchana inamshinda, analia, basi Sakuta anampeleka usiku hakuna mtu. Halafu asubuhi moja anaamka, anaongea sentensi moja, na mdogo wangu akasema, "Dada, huyu siye." Hata maandishi ya chini sikuwa nimemaliza kuyasoma. Yeye alisikia, maana siku zote Kaede hujitaja kwa jina lake, "Kaede anataka hiki, Kaede anaogopa kile", na huyu aliyeamka hasemi hivyo.

Tukafungua ya 13. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikadhani ni mtandao, nikazima data nikawasha. Kikazunguka. Kisha yakatokea maandishi: akaunti yako haina kifurushi. Nimelipia mwezi, hata nusu yake haijafika! Nikawatumia ujumbe wa muamala wenye namba na saa. Kimya. Nikapiga, nikasubirishwa na muziki, bando la dakika linakwenda, mdogo wangu ananikodolea macho, uso umemwiva. Akapokea kaka mmoja. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza vizuri. Akaniuliza nilikuwa naangalia nini. Nikamwambia. Akacheka, akasema: "Kwani si katuni tu hizo, dada? Utaangalia kesho."

Simu ilikuwa kwenye spika.

Neno hilo "tu" ndilo lililonimaliza. Mdogo wangu alipolia mwaka jana, mwalimu mmoja alimwambia si meseji tu hizo, futa. Shangazi akasema ni utoto tu, utampita. Na mimi, nikiwa nimetoka kazini nimechoka, nilimwambia zima simu ulale. Ndiyo, mimi. Nilimwambia hivyo nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Anime nzima, kuanzia yule wa maktaba mpaka huyu wa daftari, inakataa neno hilo moja. Inasema tumbo la Jumatatu ni tumbo kweli. Halafu anakuja mtu aliyelipwa kunihudumia, analitamka hilo neno kwa kicheko masikioni mwa mtoto ambaye ndiyo kwanza amepata mwenziwe.

Programu naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubali.

Walirudisha huduma baada ya siku mbili. Hakuna pole. Tukaangalia ya 13 jioni, na hapa hasira yangu ikahamia kwa watengenezaji. Kumbe Kaede wa mwanzo alisahau kila kitu kutokana na mateso yale, na huyu tuliyempenda ni yule aliyezaliwa ndani ya usahaulifu huo. Kumbukumbu za zamani zikirudi, yeye anaondoka. Nilisema kwa sauti, huu ni ukatili! Mmetufundisha kumpenda mtoto sehemu zote hizi, mnamfuta, na kila mtu hospitali anasema hongera, mgonjwa amepona. Nikawa tayari kuishusha anime yenyewe hadi nyota mbili.

Sakuta anakimbilia kwenye mvua analia kama mtu aliyefiwa, na ndivyo alivyo, amefiwa na hakuna msiba. Baadaye daftari linafunguliwa. Kaede alijua anaondoka. Malengo yote yale, panda, bahari, shule, alikuwa anamwekea kaka yake kumbukumbu nzuri za kubaki nazo. Mimi nilidhani kaka ndiye aliyekuwa anambeba mdogo wake. Nikashindwa kuongea. Mbili zikawa tano, na bado naona ilikuwa haki wampe Kaede muda zaidi wa kuombolezwa, sehemu moja haimtoshi. Tano zenye kinyongo, basi.

Mdogo wangu hakusema kitu. Alikwenda chumbani akarudi na kaunta buku lake la jiografia, akachana ukurasa wa nyuma, akaandika amelala kifudifudi sakafuni. Namba moja: kusimama kituoni mpaka daladala ije, hata nisipopanda. Namba mbili aliifunika kwa mkono, sikuomba kuiona. Juzi alisimama, nami nikiwa pembeni. Magari mawili yalipita. La tatu akasema tupande, tukashuka kituo kimoja kabla ya shule, tukarudi kwa miguu.

Siku mbili nilizokosa hawajanilipa hadi leo, na barua pepe zangu hazijibiwi. Kile kisa cha Shoko, msichana aliyewahi kumfariji Sakuta, ambacho kipindi kinakiacha kikining'inia kinamaliziwa kwenye filamu ya mwaka 2019. Tutaitafuta kwingine. Mdogo wangu ameshaiandika, ni namba nne kwenye orodha yake.