Mbegu ya Tengeru 97 uani Tanga: uzoefu wangu

Kwa anayelima nyanya uani hapa Tanga, mbegu ninayoipendekeza ni Tengeru 97, ila msimu lazima uuheshimu. Sia kitaluni mwanzoni mwa Mei, hamisha miche Juni ikiwa na majani manne au matano, maua yakute kipupwe. Ukisia Novemba, mche utanawiri vizuri tu, lakini maua yatapukutika: joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, chavua ya nyanya huharibika. Hapo usiilaumu mbegu.

Ilitolewa 1997 na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, pamoja na mbegu nyingine ya nyanya, Tanya. Inavumilia mnyauko fusari (ugonjwa wa kuvu) na minyoo fundo ya mizizi, na ngozi yake ni nene. Nyanya ikichumwa inapoanza kugeuka rangi hukaa kikapuni wiki mbili bila kulainika. Tanya ni fupi na huzaa kwa mkupuo. Tengeru 97 hurefuka, ukawa unachuma kidogokidogo, na jiko la nyumbani linataka hivyo.

Kurefuka huko kuna kazi yake. Simika mambo (vigingi vya kuegemeza mche) ya mita 2 siku ileile ya kupanda, usije ukachoma mizizi baadaye. Kamba nzuri ni ya katani. Izungushe kwa umbo la nane, tundu moja kwenye mambo, jingine kwenye shina, na kidole chako kipite ndani. Ukikaza, shina likinenepa hujikata lenyewe. Vichipukizi vya kwapani vunja kwa mkono asubuhi, vingali urefu wa kidole. Majani yanayogusa udongo ondoa yote.

Kasoro niliyoiona zaidi ni kuoza kitako. Watu hukimbilia maganda ya mayai, kumbe tatizo ni maji ya leo mengi, kesho hakuna, hivyo kalisiamu haifiki kwenye tunda. Mwaga lita 2 kwa kila shina kila asubuhi, chini, bila kulowesha majani, na utandaze makumbi ya nazi.

Mnyauko bakteria Tengeru 97 haikuustahimili. Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ng'oa mche na udongo wake, na hapo usipande nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa.