Gulio la Tengeru Jumamosi: ndizi bila shaka, sado kwa tahadhari

Kama unaishi Arusha au Usa River na unataka kapu la wiki nzima kwa safari moja, gulio la Tengeru siku ya Jumamosi linashika nafasi ya kwanza kwa ndizi, mboga za majani, parachichi na maharage. Kwa vitunguu na mchele, hapana. Vitunguu vya Mang'ola na mchele wa Magugu vinafika pale vikiwa vimeshapita mikono kadhaa, kwa hiyo hakuna unachookoa kwa kupanda Hiace kuvifuata. Nunua dukani kwako. Mitumba ipo tele, ila hiyo ni habari nyingine.

Soko liko kilometa 13 hivi kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi. Jumamosi ndiyo siku kubwa, Jumatano ni ndogo. Nguvu ya Tengeru ni kwamba mkulima wa miteremko ya Mlima Meru anaweza kushusha mkungu wake mwenyewe na kuuza mwenyewe. Fika saa 1 au saa 2 asubuhi kama unataka kuchagua ndizi. Njoo saa 10 jioni kama unataka nyanya na mchicha kwa bei chee, maana hakuna anayependa kurudi nyumbani na mboga iliyonyauka. Saa 6 mpaka saa 8 mchana ndio wakati mbaya kuliko wote: jua kali, msongamano, na bei bado haijashuka.

Jambo la kuelewa kabla ya kutoa pesa ni kwamba pale bei haiko mdomoni mwa muuzaji, iko kwenye kipimo. Wauzaji wawili wanaweza kukutajia bei ileile ya sado ya maharage na mmoja akakupa karibu nusu kilo zaidi ya mwenzake. Sado ni kindoo cha lita 4, jina limetokana na makopo ya rangi. Sado tano ni debe moja la lita 20. Sado nzima ya maharage makavu iliyojaa mpaka ukingoni ina kilo 3 na kidogo, na kile kilima cha juu kinaongeza kama robo kilo. Kwa hiyo usiulize tu "sado bei gani?" Uliza "na kilima?" kisha uangalie anavyomimina.

Ujanja wa kawaida uko kwenye kitako. Ndoo ya plastiki hupashwa moto chini, ikabonyezwa kwa ndani, halafu ikapoa hivyohivyo. Kwa mbele huoni kitu. Sado ya kawaida ina upana wa sentimeta 17 hivi; kitako kikipanda sentimeta 2 umepoteza karibu nusu lita, yaani sehemu moja ya tisa ya ulicholipia. Kukagua ni rahisi: simamisha kijiti ndani ya ndoo tupu, shika kwa kidole pale kinapokutana na ukingo, kitoe ukilinganishe kwa nje. Kidole chako kikibaki chini ya ukingo kwa unene wa kidole kimoja, rudisha ndoo kwa adabu. Huna haja ya kugombana. "Mama, naomba ile sado nyingine" inatosha, na mara nyingi sado nyingine ipo chini ya meza.

Ujanja wa pili ni wa mkono. Maharage yakimiminwa polepole kutoka chini yanakaa kwa kulegea na kuacha nafasi katikati. Gonga sado chini mara mbili. Yakishuka, omba ajazie. Wapo wanaokataa kugongwa kwa sado, na hilo peke yake ni jibu. Mwenye kununua kuanzia debe moja kwenda juu abebe mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Inajilipa siku ya kwanza. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi, na ni vizuri, lakini lumbesa inamwumiza mkulima anayeuza gunia. Mnunuzi wa rejareja anaumizwa na ndoo.

Kwenye maharage yenyewe, angalia mambo matatu. Uma punje moja: ikipasuka imekauka, jino likiacha alama tu bado ina maji, na ukiihifadhi itaota ukungu ndani ya wiki chache. Chota konzi kutoka katikati ya gunia, si juu, uyapepete mkononi. Vumbi jeupe na matundu madogo ya mviringo maana yake wadudu wameshaingia. Kisha unuse. Harufu kali ya dawa inakuambia yalihifadhiwa kwa kemikali. Yaoshe kwa maji mengi kabla ya kupika, na kama muuzaji hawezi kukueleza aliweka lini, acha. Maharage yaliyokolea rangi na kupoteza mng'ao ni ya msimu uliopita, yatakula mkaa wako. Hapo ndipo watu hukimbilia magadi. Tahadhari: magadi ya kanda hii yanaweza kuwa na floridi nyingi, na maji ya Arusha tayari yana ya kwake ya kutosha kuharibu meno ya watoto. Bora kuloweka usiku kucha.

Ngwara zile nyeusi zenye mstari mweupe utaziona kwa wingi. Bei yake inapanda na kushuka kwa sababu ya wanunuzi wa Kenya, wanaoziita njahi, kwa hiyo usishangae ukiikuta imepita maharage. Mahindi nunua yaliyokauka na safi tu: punje zenye rangi ya kijani au nyeusi kwenye kitovu zina kuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Dodoma na Manyara walipoteza watu mwaka 2016 kwa jambo hilohilo.

Sasa ndizi, ambazo peke yake zinatosha kukutoa kitandani. Mgeni huona kijani kitupu, kumbe kila rundo lina kazi yake. Mshare ni ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama: nyembamba, ndefu, ikiiva kwenye sufuria inavurugika na kuwa laini bila mabonge. Mzuzu ni ya kukaanga na kuchoma. Mkungu wake una vidole vichache, vinene, na mara nyingi huuzwa kwa kidole au kwa chana. Kisukari ni tunda la kula. Kimalindi nayo ni tunda, ndefu, ngozi nene. Ukimwomba muuzaji "ndizi za kupika" bila kutaja aina utapewa zilizobaki, na ukipika mtori kwa ndizi isiyo mshare utakesha unaponda.

Ukomavu unaonekana kwenye kingo. Kidole cha ndizi changa kina kingo kali kama penseli mpya. Kilichokomaa kimejaa na kingo zake zimelala. Kingine cha kuangalia ni lile ua kavu kwenye ncha: likidondoka ukiligusa, ndizi imekomaa, likishikilia, ilikatwa mapema kwa ajili ya gulio. Ndizi iliyokatwa mapema haitaiva vizuri, na kwenye mtori inaacha ladha ya utomvu. Chana za juu ya mkungu, upande wa shina, ndizo zenye vidole vikubwa, na ndizo zinazouzwa kwanza. Mkungu uliosimama peke yake saa 5 ukiwa na bei nzuri ajabu, hesabu chana zake na uangalie juu kama kuna makovu mabichi ya kisu. Kwa mtori wa watu watano au sita wenye nyama nusu kilo, vidole 12 vya mshare vinatosha, kwa hiyo asiye na familia kubwa anunue chana, si mkungu. Ukimenya, paka mafuta mikononi na kwenye kisu. Utomvu ule hautoki kwa sabuni.

Nyanya zinahitaji jicho kali. Za juu zimepangwa kukuvutia, za chini zimekaa kukuliza. Usinunue sado iliyokwisha kupangwa. Omba zimiminwe upya kwenye kapu lako, zote uzione. Geuza nyanya uangalie penye kikonyo: kitundu kama cha sindano chenye unga wa kahawia pembeni ni kazi ya kantangaze, na ndani utakuta njia zake zimeoza. Mdudu huyu anashamiri kiangazi. Masika tatizo ni ukungu, yale mabaka ya kahawia magumu yanayoanzia begani, na ndipo bei hupaa kuanzia Aprili. Kwa kukaa ndani wiki nzima, chagua zenye ngozi ngumu kama Tanya au Tengeru 97, mbegu zilizotolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti cha palepale Tengeru. Zile kubwa za mviringo ni tamu kwenye kachumbari ila zinaacha nafasi nyingi kwenye sado na hazisafiri. Chukua nusu mbivu na nusu zenye rangi ya machungwa.

Parachichi: kagua penye kikonyo. Lililochumwa na kipande cha kikonyo litaiva sawasawa. Lililong'olewa bila kikonyo huoza kuanzia pale. Hass huwa jeusi likiiva, lakini Fuerte na mengi ya kienyeji hubaki kijani, kwa hiyo rangi isikudanganye. Bonyeza taratibu kwa kiganja, si kwa kidole gumba, maana alama ya kidole chako ndiyo itakayooza kesho kwa mwenzako. Parachichi changa halilainiki, linasinyaa tu na kuwa kama mpira.

Kwa mboga za asili, hili ndilo soko: mnavu, loshuu, figiri, mgagani, majani ya kunde, vyote asubuhi vikiwa bado na umande. Mnavu uliotoa maua na vitunda ni mchungu. Chukua wenye ncha laini. Angalia pia kamba ya fungu. Fungu lililofungwa mara mbili kwa kubana linaficha majani ya njano katikati, lifungue. Mafungu yanayomwagiwa maji kila dakika tano yanapendeza pale mezani na kuoza kwenye kapu.

Kasoro za soko zenyewe zinajulikana. Mvua ikinyesha udongo wa Meru unageuka gundi, na mwenye ndala atarudi peku. Vaa mabuti kuanzia Machi mpaka Mei. Wauzaji wengi wa ndizi na mboga hupanga chini, kwa hiyo wenye matatizo ya mgongo au magoti watapata tabu. Chenji ni shida asubuhi: beba noti za 1,000 na 2,000. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na ile mbadala utakayouziwa mlangoni hukatika mpini kwa kilo 5. Njoo na kapu la ukili na kiroba kimoja. Kijana wa mkokoteni mpatane kabla hajapakia, tena kwa safari nzima mpaka stendi, si "mpaka pale".

Ukirudi kwa Hiace, kiroba cha maharage ndicho kinachokaa chini ya kiti. Mkungu usimamishe, ukiulaza unachubuka na kuwa mweusi kufikia Jumatatu. Kapu la nyanya lipakate mwenyewe, kondakta akisema utalipia siti lipia, ni nafuu kuliko kununua nyanya mara mbili.