Mvumo wa kebo ya televisheni, na fundi aliyekata pini ya ethi

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe lilitokea kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Nilijiunga na huduma ya televisheni ya kebo inayosambazwa mtaani kwetu Kisasa, hapa Dodoma, na kwa haki kabisa nasema kwamba picha ni safi, wala haikatiki mvua inaponyesha kama nilivyozoea enzi za dishi. Kuhusu picha sina neno. Malalamiko yangu yanahusu sauti, na zaidi ya sauti, yanamhusu kijana waliyemtuma kuja kuirekebisha.

Tangu walipoingiza waya wao sebuleni na kuufunga kwenye king'amuzi, ambacho nacho kimeunganishwa na amplifaya yangu kwa waya wa jeki nyekundu na nyeupe, spika zilianza kutoa mvumo mzito usiokoma, hata king'amuzi kikiwa kimezimwa. Anayesikiliza taarifa ya habari huenda asijali. Mimi hupenda vipindi vya ngoma za Wagogo, na ilimba, ala yao ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole, ina sauti inayofifia taratibu baada ya kidole kuachia chuma. Hapo hasa, sauti inapoishia, ndipo mvumo ulipojitokeza na kuimeza. Kwangu huo ni uharibifu.

Nimefundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo kutafuta chanzo hakukunichukua muda. Nilichomoa waya wa kebo nyuma ya king'amuzi huku amplifaya ikiendelea kuwaka, na mvumo ukakatika papo hapo. Nikaurudisha, nao ukarudi. Amplifaya yangu ni ya plagi ya pini tatu, na bodi lake la chuma limeungwa na ethi ya nyumba, yaani waya unaoishia kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Wavu wa nje wa waya wa kebo, yaani nyuzi za chuma zilizosukwa chini ya ganda lake, umeungwa na ethi nyingine kabisa, iliyoko mbali, upande wa mtoa huduma. Ethi hizo mbili hazilingani volteji, hasa katika udongo wetu ambao kiangazi hukauka kiasi kwamba chuma cha ethi hushikana na ardhi kwa shida, na tofauti hiyo, hata iwe ndogo, husukuma mkondo kupitia wavu wa kebo, king'amuzi na waya wa jeki hadi ndani ya amplifaya, ambayo huukuza pamoja na muziki. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na ndiyo sauti iliyokuwa ikivuma, pamoja na zile za 100 na 150 zinazofuatana nayo.

Haya yote nilimweleza kijana yule alipofika, baada ya kupiga simu ofisini kwao mara nyingi. Hakusalimia. Aliuliza, "Mwenye nyumba yupo?" Nikamjibu, "Mwenye nyumba ni mimi, kijana, karibu." Nikamchomolea waya wa kebo mbele ya macho yake ili asikie mwenyewe mvumo unavyokatika. Alitazama simu yake, kisha akasema, "Mama, redio yako ndiyo mbovu. Kebo haina sauti, ina picha." Nilipomwomba aunge wavu wa kebo na ethi ya nyumba pale waya unapoingilia ukutani, akacheka.

Kisha, bila kuniomba ruhusa, akazima soketi, akachomoa plagi ya amplifaya, akatoa plaizi mfukoni na kuikata ile pini ndefu ya juu, ambayo ndiyo ya ethi. Plagi isiyo na pini hiyo haiingii kwenye soketi zetu, kwa kuwa pini hiyo ndiyo inayofungua vijilango vya matundu mawili ya chini. Basi akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akaisokomeza kwenye tundu la juu, akaipachika plagi na kuwasha. Mvumo ulinyamaza, hilo siwezi kulikana. "Si unaona, mama? Tatizo limeisha," akasema, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Tatizo halikuwa limeisha. Alikuwa ameacha nyumbani kwangu bodi la chuma lisilo na ethi yake, ambalo waya mmoja tu ukilegea ndani unaweza kulijaza volti 230, na wajukuu wangu ndio wanaoongeza na kupunguza sauti. Nilimwambia hivyo akiwa mlangoni. Akajibu kwamba wateja wote hufanyiwa hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika. Kauli hiyo ndiyo inayoninyima amani hadi leo, kwa sababu huenda ni ya kweli.

Aliyenitatulia ni fundi mmoja wa karibu na soko la Majengo, kijana wa rika lile lile, aliyeingia kwa shikamoo na kunisikiliza hadi mwisho. Alifunga plagi mpya. Akaunga wavu wa kebo na ethi ya nyumba pale waya unapoingilia, na mvumo ukapungua sana. Uliobaki ukaisha alipofunga kati ya waya wa kebo na king'amuzi kifaa kidogo chenye transfoma ndani, kinachopitisha mawimbi ya televisheni na kukata njia ya mkondo wa hezi 50. Wenye dishi wasikinunue bila kuuliza, kwani dishi hupokea umeme wake kupitia waya huo huo, na kifaa cha namna hii huweza kuuzuia. Amplifaya zenye tundu la waya wa mwanga hazihitaji haya yote, kwani waya huo haupitishi umeme. Yangu ni ya zamani, haina.

Sasa ilimba naisikia hadi mwisho wake, na nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota nne kwa ajili ya picha. Nilipofika kwenye habari ya plaizi nikashusha hadi mbili. Ofisini kwao waliniambia, "Mama yetu, tutakupigia," na hawajapiga, wala gharama ya plagi na kifaa hawajairudisha. Mwezi ujao nitalipia, kwa kuwa nimeshaigharamia sauti hiyo. Nyota ni moja, na itabaki moja hadi watakapopita kwenye nyumba zote ambazo kijana yule alikata pini, wakafunga plagi mpya kwa gharama yao wenyewe.