Msaada wa kisheria wa bure Kigoma: uzoefu wangu, nyota tatu

Natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa sababu ya swali moja ambalo hakuna aliyeniuliza.

Marehemu baba alituachia shamba la michikichi huku Simbo. Baba mdogo akauza kipande kimyakimya. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu (si wakili, ila amefundishwa kushauri watu mambo ya sheria), dada mmoja anayemsikiliza mtu mpaka amalize, akaniambia nianzie Baraza la Kata. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Baba mdogo hakutokea hata mara moja. Siku 30 zikapita, nikapewa barua kwamba usuluhishi umeshindikana. Mpaka hapo sina neno.

Shida ilianzia ofisi ya msaada wa kisheria ya mjini. Wakili anakuja kwa zamu na foleni ni ndefu. Mama niliyekaa naye benchi alitoka Buhingu, usiku kucha yuko kwenye boti. Mimi nilipata kama dakika kumi. Nikaandikiwa maombi, nikayapeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kusikilizwa nilisimama peke yangu. Yule dada wa kata alinisindikiza, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hairuhusu msaidizi wa kisheria kumwakilisha mtu kwenye shauri, kwa hiyo alikaa nyuma ameshika mkoba wangu. Wakili wa baba mdogo hakuhangaika hata na mipaka ya shamba. Alisema tu kwamba mimi si msimamizi wa mirathi. Shauri likatupwa.

Miezi minane hiyo! Kumbe nilitakiwa kwanza niende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, nifungue mirathi, niteuliwe, ndipo nidai mali ya marehemu. Aliyeniandikia maombi angeniuliza tu, "Barua ya usimamizi unayo?"

Halafu hilo neno bure. Ushauri ndio bure. Nauli, fotokopi na siku nilizoacha kukamua mawese ni juu yangu.

Ukienda, beba cheti cha kifo hata kama hujaambiwa. Mimi nimerudi kwa yule dada. Kikao cha ukoo ni Jumapili, na baba mdogo naye imebidi tumwalike.